Kutoka Ada hadi Hisa: Fedha, Heshima na Soka kati ya Pangani na Tanga

Mjadala kuhusu matajiri na klabu za soka nchini Tanzania huendeshwa mara nyingi kana kwamba fedha ni mgeni aliyebisha hodi uwanjani juzi, pale wafanyabiashara wakubwa walipoanza kutaka hisa, yaani sehemu za umiliki, katika klabu ambazo kwa miongo mingi zilikuwa mali ya wanachama wenye kadi. Historia ya pwani ya kaskazini, hasa ya Pangani na jirani yake Tanga, haiungi mkono dhana hiyo, kwa sababu katika miji hiyo mashindano ya hadhara, yawe ya karamu, ya ngoma au ya mpira, hayakukosa tajiri nyuma yake. Kilichobadilika ni masharti ambayo watu wa mji walimpa tajiri huyo kabla ya kumruhusu kutoa mali yake, na kile ambacho yeye alitarajia kurudishiwa baada ya kutoa. Makala haya yanafuatilia mabadiliko ya masharti hayo tangu zama za misafara ya pembe za ndovu hadi zama za haki za matangazo ya televisheni, na yanashikilia kwamba swali la msingi kuhusu umiliki wa klabu leo ni swali ambalo wazee wa Pangani walikwisha kulijibu kwa namna yao, kabla mpira haujafika katika pwani hiyo.

Mji wa ada

Mji wa Pangani ulikua mahali ambapo mto wenye jina hilo unaingia Bahari ya Hindi, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara iliyofuata bonde la mto kuelekea Usambara, Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu. Kando ya mto huo yalikuwapo mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na sukari yake ilisafirishwa kwa majahazi. Utajiri wa aina hizo mbili uliingia mikononi mwa watu mbalimbali: wenye mashamba wa Kiarabu, viongozi wa misafara, na wafanyabiashara wa Kihindi ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukopesha mtaji. Hata hivyo heshima ya mji haikuwa mikononi mwao wote kwa kadiri ya mali yao, kwa kuwa majumbe, yaani wakuu wa koo za kale za Washirazi, ndio waliokuwa na haki ya kusema nani ni mwenyeji na nani bado ni mgeni, nani avae nini katika sherehe, na nani aketi wapi.

Aliyetaka kupanda daraja alitoa ada. Neno hili, ambalo leo humaanisha malipo ya shule au ya uanachama, wakati huo lilimaanisha malipo ya kimila yaliyotolewa kwa wakubwa wa mji na kwa jamaa zao ili mtoaji akubaliwe katika cheo, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotungwa kwa sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903, kinaonyesha jinsi malipo hayo yalivyoambatana na karamu, nguo na ngoma. Ada haikuwa bei. Mlipaji hakununua mji wala sehemu yake. Alichopata ni nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wake, na pamoja na nafasi hiyo alipata mzigo wa kulisha wengine kila sherehe ilipofika. Wali, ng'ombe na nguo zilizotolewa ziliisha siku ileile, na kesho yake mtoaji alibaki na jina kubwa pamoja na deni kwa mkopeshaji wake.

Wanahistoria walioichunguza Pangani ya miaka hiyo, Jonathon Glassman akiwa mashuhuri zaidi kati yao, wameonyesha kwamba ushindani huo wa karamu ulikuwa na uchungu wake. Wenye fedha mpya walisukuma ili wapate nafasi zilizokuwa za wazee, wazee walilalamika kwamba heshima inanunuliwa, na maskini na watumwa, ambao hawakuwa na cha kutoa, walidai nao kuwa na sehemu katika mji waliokuwa wakiujenga. Haitafaa, basi, kuichora desturi ya ada kana kwamba ilikuwa usawa. Lakini ilikuwa na kanuni moja inayostahili kukumbukwa, nayo ni kwamba mali ya tajiri ilipoingia katika jambo la watu wote, ilimfunga tajiri kwa mji, haikuufunga mji kwa tajiri.

Kampuni, mkonge na kipande

Kanuni hiyo ilivunjwa mwaka 1888 na kampuni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa imekodishiwa utawala wa pwani na Sultani wa Zanzibar, ilimtuma Emil von Zelewski Pangani mwezi wa Agosti mwaka huo kushika forodha na bendera, naye hakuona haja ya kukubaliwa na mtu yeyote wa mji. Vita vilivyofuata viliongozwa katika Pangani na Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa, na vilimalizika kwa kunyongwa kwake mjini humo Desemba 1889, baada ya serikali ya Ujerumani kuleta majeshi kuiokoa kampuni iliyoshindwa.

Miaka minne baadaye mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyohiyo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida nchini Marekani. Miche iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, jirani na Pangani, ilikuwa 62 tu, na kutokana na miche hiyo 62 ilienea mimea iliyoifanya Tanganyika baadaye kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa nyuzi za mkonge, ikifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964. Pangani, ambako mmea ulitia mizizi kwanza, haikuvuna sehemu kubwa ya faida hiyo, kwa sababu reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ilianzia Tanga, na baada ya kupita Muheza, Korogwe na Mombo ilifika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzigo uliokuwa ukishuka kwa bonde la mto hadi Pangani ukapanda behewa na kushuka Tanga. Huo ulikuwa mfano wa kwanza, katika eneo hili, wa jambo litakaloonekana tena katika soka: mtaji unapohama, mji uliouzaa hubaki na kumbukumbu.

Mpira wa miguu uliingia pwani katika miongo hiyohiyo. Unguja ulichezwa na wafanyakazi wa Kiingereza wa kampuni ya simu za kebo na katika shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA, iliyowafundisha vijana ambao baadhi yao walitumwa kuwa walimu Magila, karibu na Muheza. Mijini mchezo huo ulikutana na beni, yaani ngoma ya gwaride yenye makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti, kila kundi likiwa na vyeo vyake, sare zake na wafadhili wake, na tabia ya mji kugawanyika pande mbili na kuchangiana kwa ajili ya upande wake ilihamia kwa urahisi kutoka ngomani hadi uwanjani.

Katika mashamba ya mkonge hali ilikuwa nyingine. Vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba, na kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 ambazo msimamizi alizitia alama moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika, na mshahara ulitolewa pale tu nafasi zote zilipojaa, hata kama ilichukua siku 40 au zaidi. Ushindani wa mashamba katika kupata vibarua, uliozaa mwaka 1944 ofisi ya pamoja ya kuwaajiri iliyoitwa SILABU, uliwafanya wenye mashamba waone faida ya kuweka zahanati, duka na uwanja wa mpira karibu na kambi. Mpira huo ulikuwa wa mwajiri. Yeye ndiye aliyetoa uwanja na muda, na lengo lake lilikuwa kumfanya kibarua asiondoke kabla kipande hakijajaa.

Hata kombe la kwanza la kimataifa katika Afrika Mashariki lilikuwa na chapa ya biashara. Kombe la Gossage, lililoanza kushindaniwa mwaka 1926 na Kenya na Uganda, na baadaye likaziingiza Tanganyika mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949, lilibeba jina la kiwanda cha sabuni cha William Gossage cha Uingereza. Mtangulizi huyo wa Kombe la Chalenji la leo anaonyesha kwamba udhamini, yaani fedha zinazotolewa ili jina la mtoaji lionekane na kutajwa, una umri wa karibu karne moja katika soka ya eneo hili.

Kadi ya mwanachama

Dhidi ya mpira wa mwajiri ulisimama mpira wa mji. Young Africans, ambayo wengi huiita Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, na ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba. Tanga nayo ilipata klabu mbili zilizougawa mji kama Marini na Arinoti walivyofanya: African Sports, wanaojiita Wana Kimanumanu, na Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kujulikana kwa jina la Wagosi wa Kaya, maneno ya lugha za Wabondei na Wasambaa yanayomaanisha wanaume wa nyumbani, wenye mji wao. Watu wa Pangani, walio umbali wa kilomita 50 hivi kwa barabara ya pwani, wamezifuata klabu hizo mbili kama zao, na kijana wa Pangani aliyetaka kuonekana aliitazama Tanga kama mlango wa kwanza.

Klabu hizo zilisimama juu ya kadi. Inafaa kuziweka kadi mbili pamoja, kipande cha manamba na kadi ya mwanachama wa klabu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa karatasi ndogo zenye jina, tarehe na nafasi za kutiwa alama, na mtu mmoja aliweza kuwa nazo zote mfukoni. Ya kwanza ilihesabu siku ambazo mtu alikuwa mali ya shamba. Ya pili ilihesabu ada alizolipa, na kwa kila ada iliyolipwa mwenye kadi alikuwa na kura, na kwa kura hiyo, angalau kwa mujibu wa katiba, jengo, jezi, jina na deni la klabu vilikuwa vyake sawa na vilivyokuwa vya mwenyekiti. Kwamba neno lilelile, ada, ndilo lililotumika, si bahati tu; mwanachama alilipa ili ahesabiwe miongoni mwa watu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadilisha mazingira ya fedha hizo. Mashamba makubwa ya mkonge yalitaifishwa mwaka huohuo, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na michezo iliendelea kuwa ya ridhaa, yaani wachezaji hawakutambuliwa kuwa waajiriwa wa klabu. Kwa kuwa mchezaji alihitaji kula, mashirika ya umma yalimwajiri kama karani, fundi au mlinzi na kumpa muda wa mazoezi, na ndipo yalipoibuka majina ambayo wapenzi wa zamani huyakumbuka: Reli ya Morogoro, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Ushirika ya Moshi, Sigara na Pilsner za Dar es Salaam. Kazi ya mlezi wa soka, ambayo kambini ilikuwa ya mwenye shamba, ilichukuliwa na meneja wa shirika, kwa fedha ambazo hazikuwa zake.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi, lakini ulitawanya mtaji nchini, na matokeo yake yanaonekana katika orodha ya mabingwa wa ligi iliyoanza mwaka 1965. Pamoja na Simba na Yanga, waliwahi kutwaa ubingwa Cosmopolitan mwaka 1967, Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African mwaka 1982, Tukuyu Stars mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Ushindi huo wa Wagosi wa Kaya ulikuja wakati uchumi wa mkonge ulikuwa umekwisha kuporomoka kwa sababu ya nyuzi za plastiki na uendeshaji dhaifu wa mashamba, na kwa hiyo ulikuwa kilele cha timu ya mji ambao tayari ulikuwa ukishuka. Miaka kumi baadaye mazao ya mkonge nchini yalikuwa hayafiki tani 30,000, mashirika mengi yalikuwa yamebinafsishwa au kufungwa, na timu nyingi zilizoyategemea zilipotea pamoja nayo.

Mfadhili, mdhamini, mwekezaji

Kiswahili cha soka kina maneno matatu kwa mtu anayeleta fedha, na tofauti zake ndizo historia yenyewe. Mfadhili hutoa bila mkataba na hulipwa kwa heshima. Mdhamini hutoa kwa mkataba wa muda maalumu na hulipwa kwa tangazo, hasa nafasi ya jina lake kifuani mwa jezi. Mwekezaji hutoa ili awe na sehemu ya klabu, na hulipwa kwa mamlaka, na akijaliwa, kwa faida.

Miaka ya mageuzi ya uchumi, tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, ilikuwa zama za mfadhili. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan ya Ivory Coast, nyuma yake alikuwapo mfanyabiashara Azim Dewji, na baadaye klabu hiyo ilibebwa kwa muda mrefu na kundi la wenye uwezo lililojiita Friends of Simba. Yanga ilimpata Yusuf Manji, aliyeanza kama mfadhili kisha akawa mwenyekiti mwaka 2012. Mfadhili wa aina hiyo alilipa usajili, kambi, nauli na posho, wakati mwingine kwa fedha taslimu, na kila ushindi ulimwongezea jina kama vile karamu ilivyomwongezea jina mkubwa wa Pangani. Uhusiano huo haukuwa na hesabu zilizoandikwa vizuri, na haukuwa na kesho. Wahenga walionya kwamba mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Katika klabu maudhi yalikuwa ya pande mbili, kwa kuwa mashabiki walimgeukia mfadhili timu ilipofungwa, na mfadhili aliposusa timu ilikosa hata nauli. Manji alipojiuzulu mwaka 2017, baada ya pendekezo lake la kuikodi klabu kwa miaka 10 kuridhiwa na mkutano wa wanachama wa Agosti 2016 lakini lisitekelezwe, Yanga ilifikia hatua ya kutembeza bakuli, yaani kuchangisha mashabiki hadharani ili kujiendesha.

Njia tofauti ilionyeshwa na Azam, timu iliyoanzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni za mfanyabiashara Bakhresa. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajengewa uwanja wake Chamazi, na ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Kwa umbo ni mrithi wa timu za mashamba na mashirika, kama ilivyo Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Lakini Azam imo ndani ya familia ya kibiashara ambayo kampuni yake ya televisheni ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi kwa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwenye timu, mwenye uwanja na mwenye kamera wakawa ndugu wa nyumba moja, jambo ambalo mwenye shamba la mkonge hakulifikia.

Hatua ya mwisho ilikuwa hisa. Desemba 2017 mkutano wa Simba ulimtangaza mfanyabiashara Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, fedha ambazo alikabidhi hundi yake mwaka 2021. Serikali, kupitia kanuni za michezo zilizorekebishwa mwaka 2017, ilishikilia kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama isiuzwe zaidi ya asilimia 49, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Yanga, ikisaidiwa na washauri kutoka La Liga ya Hispania, ilipitisha katiba mpya mwaka 2021, na mwaka uliofuata ilimchagua kuwa rais wake Hersi Said, aliyetokea katika kampuni ya GSM, mdhamini wa klabu. Mafanikio yalikuja: Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo tangu 2017/18, Yanga ikajibu kwa mara nne mfululizo tangu 2021/22, na kila moja ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga mwaka 2023 na Simba mwaka 2025.

Gharama ya mafanikio hayo imo katika orodha ileile ya mabingwa. Kati ya mwaka 2001 na 2025 klabu moja tu isiyokuwa Simba wala Yanga imetwaa ubingwa, nayo ni Azam mwaka 2014. Hakuna timu ya mkoani. Maslahi ya kibiashara pia yameanza kugongana ndani ya ligi yenyewe, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2021, GSM ilipotangazwa kuwa mdhamini mwenza wa ligi, Simba ikakataa kuvaa nembo ya kampuni iliyofungamana na mpinzani wake, na mkataba ukavunjika miezi michache baadaye.

Kanuni ya 51 kwa 49 ina ndugu yake Ujerumani, ambako tangu mwaka 1998 chama cha wanachama hutakiwa kubaki na zaidi ya nusu ya kura za klabu, isipokuwa timu chache zilizozaliwa na viwanda, kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg. Uingereza ilifuata njia nyingine: Roman Abramovich aliinunua Chelsea nzima mwaka 2003, wakuu wa Abu Dhabi waliinunua Manchester City mwaka 2008, na familia ya Glazer ilipoichukua Manchester United mwaka 2005 sehemu kubwa ya mkopo wa ununuzi ilitwikwa klabu yenyewe. Kwa jicho la Pangani ya kale jambo hilo la mwisho ni kioja, kwa sababu mwenye kufanya karamu alikopa kwa shingo yake mwenyewe ili mji ule, ilhali hapa mji ndio uliotwikwa deni ili mgeni aukalie.

Tanga na Pangani katika zama za hisa

Msimu wa 2015/16 timu tatu zilizoshuka Ligi Kuu zote zilitoka mkoa wa Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Coastal ilirejea mwaka 2018, na katika jitihada za kujitangaza ilimsajili mwanamuziki Ali Kiba, ambaye jina lake lilikuwa na thamani sokoni kuliko la mchezaji yeyote wa kikosi. Chini ya kocha Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea klabu hiyo, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports Julai 2022 jijini Arusha, ikatoka sare ya mabao 3-3 na Yanga na kushindwa kwa penalti. Miezi mitatu haikupita kabla Mgunda hajaitwa kuifundisha Simba. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya kucheza Afrika, ambako iliondolewa na Bravos do Maquis ya Angola katika hatua ya kwanza. Mtiririko huo unafanana na mzigo wa reli: kipaji hulelewa pwani, na thamani yake huhesabiwa Dar es Salaam. Hata uwanja wa Mkwakwani, nyumba ya soka ya Tanga, si wa klabu bali ni wa chama tawala, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, na kwa hiyo klabu ya wanachama inayotaka kujitegemea huanza ikiwa mpangaji.

Pangani, ambayo haina timu Ligi Kuu, fedha za soka huifikia kwa mlango wa skrini. Katika banda umiza, chumba chenye viti vya mbao ambamo watu hulipa kiingilio kidogo kutazama mechi, vijana hukaa wakiwa wamevaa jezi za Simba na Yanga, na wengine wana mkeka mkononi, yaani orodha ya mechi walizobashiria katika kampuni za kubeti. Kampuni hizohizo zimelipa mabilioni ili majina yao yakae kifuani mwa jezi wanazozivaa vijana hao. SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga kwa pamoja tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 M-Bet iliahidi Simba shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwanza katika mifuko ya vijana kama hao, shilingi 500 kwa shilingi 500, na tofauti yake na ada ya kadi ni kwamba shilingi ya mkeka haimpi mlipaji kura.

Hapo ndipo ilipo nguvu na udhaifu wa asilimia 51. Kwa maandishi kanuni hiyo inarudisha sharti la zamani kwamba mali ya tajiri iingie mjini kwa idhini ya wenye mji. Lakini majumbe walilinda sharti lao kwa sababu waliishi na mtoaji mtaa mmoja, walijua anachodaiwa, na waliweza kumnyima kiti hadharani. Wanachama wa klabu waliotawanyika nchi nzima, wasiosoma hesabu zilizokaguliwa na wanaoitwa mkutanoni mara moja kwa mwaka kushangilia usajili, wana asilimia nyingi na uwezo mdogo, na asiyekuwa na fedha za kumjibu mwenye asilimia 49 hupata taabu kumkatalia jambo. Kanuni ya hisa itafanya kazi ya ada pale tu wanachama watakapokuwa na uwezo wa kuuliza hesabu na kujibiwa, na pale ambapo klabu za mikoani zitapata mgawo wa fedha za matangazo na udhamini unaotosha kuwabakiza wachezaji wao hadi wakomae.

Wakati huohuo, katika mpira wa mchangani, ule unaochezwa vijijini nje ya ligi rasmi, desturi ya zamani haijatoweka. Mfanyabiashara au mwanasiasa hutoa mbuzi kuwa zawadi ya bingwa, timu za vitongoji hushindana kwa wiki kadhaa, na jioni ya fainali mtoaji hukaribishwa mbele, akatajwa jina lake na kupigiwa makofi. Mbuzi huchinjwa, mchuzi hugawanywa kwa washindi, kwa walioshindwa na kwa majirani waliokuja kutazama, na mtoaji hurudi kwake akiwa na heshima yake tu, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kumilikiwa.